Basalti: Jina Lililopita Jiwe hadi Jiwe



Mwaka 1799 askari wa Kifaransa waliokuwa wakikarabati ngome karibu na mji wa Rashid, kwenye delta ya mto Nile, walikuta ukutani bamba la jiwe jeusi lenye maandishi ya namna tatu. Waingereza walipowashinda Wafaransa wakalitwaa, na tangu 1802 limo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Ndilo jiwe la Rosetta, lile lililomsaidia mwanazuoni Champollion kuzisoma hati za Mafarao. Kwa miaka karibu mia mbili vitabu viliandika kwamba jiwe hilo ni basalti. Mwaka 1999 likasafishwa. Mafundi wakaondoa nta iliyopakwa zamani kulilinda, na wino wa chapa uliosalia tangu wanazuoni wa mwanzo walipolipaka ili wapate nakala ya maandishi kwenye karatasi. Chini ya uchafu huo likatokea jiwe la kijivu, lenye chembe zinazometameta na mshipa wa rangi ya waridi pembeni. Halikuwa basalti hata kidogo. Lilikuwa granodioriti, ndugu wa karibu wa matale.

Waliolipa jiwe lile jina hilo hawakuwa wajinga. Waliona jiwe jeusi, gumu, limetoka Misri, na jina lilikuwa tayari limewekwa linasubiri. Ninalotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba neno hili la Kiingereza, *basalt*, halikuupata ugonjwa huo London. Lilizaliwa nao. Tangu mwanzo limekuwa likikalia mawe yasiyo yake, na hata herufi zake si zake.

Kwanza tukubaliane basalti ni nini kwa mwanajiolojia wa leo, maana bila hivyo hatutajua neno lilipotea wapi. Ni mwamba wa volkano: lava iliyotoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, ikapoa haraka kiasi kwamba chembe zake hazikupata muda wa kukua. Ndiyo maana ukilitazama jiwe lenyewe kwa macho matupu huoni chembe, unaona weusi tu. Silika ndani yake ni kati ya asilimia 45 na 52 ya uzito. Sakafu ya bahari kuu zote duniani, ukishaondoa tope, ni basalti. Yale madoa meusi ya mwezini nayo ni basalti, na wanaanga wa Apollo 11 walirudi na vipande vyake mwaka 1969. Kwa hiyo tunazungumzia jiwe lililo jingi kuliko mengi, lenye jina lililopatikana kwa bahati mbaya.

Sasa twende Misri.

Baina ya Nile na Bahari ya Sham, kwenye jangwa la mashariki, kuna bonde kavu liitwalo Wadi Hammamat. Njia ya kale iliyotoka Koptos ukingoni mwa mto kwenda pwani ilipita humo. Milima yake ina jiwe la kijivu-kijani, la chembe laini sana, gumu, linalokubali kung'arishwa hadi likawaka. Wamisri waliliita kwa jina lenye konsonanti tatu, b-kh-n, ambalo wataalamu hulitamka *bekhen*. Walichongea humo sanamu za wafalme na masanduku ya maiti. Kwao lilikuwa jiwe la heshima, na safari ya kulifuata ilikuwa shughuli ya dola.

Ukubwa wa shughuli hiyo tunaujua kwa sababu wenyewe waliuandika mwambani. Ramesses wa Nne, aliyetawala karibu na mwaka 1150 kabla ya Kristo, alituma msafara humo katika mwaka wa tatu wa utawala wake. Maandishi yake yanataja watu 8,368, kuanzia kuhani mkuu wa Amun hadi askari, wachonga mawe na wavuvi wa kuwalisha. Yanataja pia wafu 900. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi katika tafsiri, na kila mara hunigutusha jinsi karani alivyoitaja idadi ya waliokufa kwa sauti ile ile aliyotajia idadi ya wavuvi.

Kutoka enzi hiyo hiyo kuna ramani. Ilichorwa juu ya mafunjo na karani Amennakhte wa kijiji cha wachonga makaburi ya wafalme, na leo imo katika Makumbusho ya Misri mjini Torino, Italia. Ilikuja Ulaya ikiwa vipandevipande, hata wataalamu wakadhani ni ramani zaidi ya moja. Ikiunganishwa ina urefu wa karibu mita 2.8. Milima yenye dhahabu imepakwa rangi ya waridi, milima yenye bekhen imepakwa nyeusi, na kokoto za bondeni zimetiwa kwa nukta za rangi mbalimbali. Wajiolojia waliokwenda na nakala yake hadi Wadi Hammamat wamekuta rangi hizo zinafuata miamba halisi. Ndiyo ramani ya kijiolojia ya kale kuliko zote zilizobaki. Dhahabu na bekhen ziko jirani juu ya karatasi ile, na ujirani huo muuweke akilini.

Bekhen, kwa kipimo cha leo, si basalti. Ni mwamba mashapo: mchanga na tope lililoshindiliwa na kupikwa kidogo na joto la ardhi. Haukupita volkano yoyote wala haukuwahi kuwa lava. Na Wamisri hao hao walikuwa na basalti ya kweli! Waliichimba Gebel Qatrani, kaskazini ya Fayum, wakaivuta kwa barabara iliyotandikwa mawe mpaka ziwani ili isafirishwe kwa majahazi, na sakafu ya hekalu la Khufu chini ya piramidi kuu la Giza imetandazwa kwayo. Jina lililokuja kuwa basalti halikutoka kwenye sakafu ile, lilitoka kwenye milima ya mchanga na tope ya Wadi Hammamat.

Wagiriki walikuwa na neno *basanos*. Mtaalamu wa Kijerumani wa elimu ya Misri ya kale, Kurt Sethe, katika kitabu chake cha 1933 kuhusu mawe ya ujenzi ya Wamisri na majina yake, alilihusisha na bekhen, na wengi wamemfuata. Kuna kikwazo: sauti *kh* haigeuki *s* kirahisi. Wanaolitetea wazo hili husema neno lilipita kwanza kwa watu wengine kabla ya kufika kwa Wagiriki, na wanaotajwa zaidi ni Walydia, waliokaa magharibi ya Uturuki ya leo. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu, maana Lydia ndiko sarafu za mwanzo zilikopigwa, na basanos lilikuwa jiwe la kupimia dhahabu.

Hapa inafaa tusimame kwa sonara wa kizamani. Analo mbele yake jiwe jeusi dogo, laini, linaloingia kiganjani. Mteja akileta pete na kusema ni karati 22, sonara hamjibu. Anaisugua pete juu ya jiwe, inaacha mstari mwembamba wa njano. Kando yake anasugua sindano yenye ncha ya dhahabu ambayo karati zake anazijua, inaacha mstari wa pili. Anatazama rangi. Kisha anadondosha tindikali juu ya mistari yote miwili. Shaba na fedha zilizochanganywa humo zinaliwa, dhahabu inabaki. Mstari wa pete ukififia kuliko wa sindano, bei imeshuka, na mteja ameshaona kwa macho yake. Jiwe lenyewe lazima liwe jeusi ili njano ionekane, liwe na chembe laini ili mstari usikatike, na lisidhurike kwa tindikali. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyeandika kijitabu kuhusu mawe mwishoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo, alilieleza jiwe hilo na kusema linapatikana katika mto mmoja wa Lydia. Tindikali kali hazikuwepo enzi hizo. Macho tu yalitosha.

Kutoka kwenye jiwe hilo Wagiriki walipata maana nyingine. Basanos likawa jaribio lolote, la rafiki, la hoja, la askari. Kisha likaingia mahakamani. Athene ya kale ilikuwa na sheria kwamba ushahidi wa mtumwa haukubaliki mpaka utolewe chini ya mateso, na mateso hayo nayo yakaitwa basanos. Fikra yao ilikuwa kwamba mtu huyo naye ni chuma, msugue mpaka atoe rangi yake. Sisi Waswahili hatuna haki ya kushangaa sana, kwani tunalo jaribio na tunayo majaribu, na tunajua umbali baina yake si mrefu. Kufikia wakati wa Agano Jipya maana ya dhahabu ilikuwa imefifia na ya maumivu imetawala. Tajiri wa Injili ya Luka anayeinua macho yake kuzimu, na kumwona Lazaro mbali kifuani mwa Ibrahimu, yuko katika basanos. Biblia zetu zinasema mateso. Katika Mathayo, mashua ya wanafunzi inayopigwa na mawimbi usiku inaelezwa kwa kitenzi cha neno hilo hilo. Msomaji wa Kigiriki cha Injili anakutana na jiwe la sonara kila pepo anapolalamika, ingawa hakuna mfasiri anayeweza kulionyesha.

Basi *basanites* kwa Kigiriki likawa jiwe la namna ya basanos: jeusi, gumu, linalofaa kupimia. Na hilo ndilo lililomfikia Mrumi.

Plinius Mkubwa alikuwa ofisa wa dola ya Roma aliyesoma kila kitu na kuandika karibu kila kitu. Kitabu chake cha elimu ya maumbile, alichokikamilisha mwaka 77 hivi, kina mafungu 37. Katika fungu la 36, linalohusu mawe, anasema Wamisri walipata huko Ethiopia jiwe la rangi na ugumu wa chuma, na kwamba jina lake linatokana na sifa hiyo. Anaendelea kusema kwamba kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa Roma, katika Hekalu la Amani la Kaisari Vespasian: sanamu ya mto Nile, na watoto 16 wakicheza kuuzunguka. Watoto hao ni dhiraa 16, kimo cha mafuriko kilichomaanisha shibe Misri nzima. Sanamu zilizobaki za jiwe hilo, nyeusi-kijani, zimepimwa, na nyingi ni bekhen ya Wadi Hammamat. Plinius hakuwa akizungumzia lava. Miaka miwili baadaye, mwaka 79, alivuka ghuba kwenda kuokoa watu chini ya mlima Vesuvius uliokuwa ukilipuka, na akafia ufukweni Stabiae. Aliuawa na volkano mtu aliyetuachia jina la mwamba wa volkano, bila ya yeye kujua kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano.

Aliliandikaje jina hilo? Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Kitabu cha Plinius kilinakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka 1,300, mpaka kilipopigwa chapa Venice mwaka 1469. Katika baadhi ya nakala neno ni *basaniten*, yaani basanites katika umbo linalodaiwa na sarufi ya Kilatini. Katika nakala nyingine ni *basalten*. Wengi wa wataalamu wa maandishi ya kale wanakubali kwamba la kwanza ndilo sahihi na la pili ni kosa la mnakili. Tazameni jinsi kosa lilivyo jepesi. Katika mwandiko wa Kilatini wa enzi hizo *n* na *i* ni vijiti vitupu vilivyosimama kando kando, bila nukta. Mwandishi aliyechoka, mbele ya neno asilolijua, anaona vijiti, kimoja kimepanda juu kidogo, anaandika *l*. Herufi mbili zimekuwa moja. Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hakuna aliyelijua neno.

Jambo hili tunaliona kila siku. Mwambie fundi wa Nairobi kwamba jiwe fulani ni basalti, naye atakusikia ukisema balasti, kokoto anazochanganya na saruji, na pengine akakupa bei ya lori. Hajakosea. Sikio, kama jicho la mnakili, huchukua lisilojulikana na kulivisha la karibu linalojulikana. Tofauti ni kwamba fundi utamwona usoni na kumsahihisha, lakini mnakili wa Plinius alikufa na nakala yake ikabaki.

Kosa hilo lingeweza kulala vitabuni milele kama si daktari mmoja wa Saksonia. Georg Bauer, aliyejiita kwa Kilatini Georgius Agricola, alizaliwa 1494 na kufanya kazi ya utabibu kwanza Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha, kisha Chemnitz. Wagonjwa wake walikuwa wachimbaji. Alishuka nao, akajifunza miamba kutoka kwao, na mwaka 1546 akatoa kitabu kuhusu vitu vichimbwavyo ardhini ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa elimu ya madini Ulaya. Tatizo lake lilikuwa la mwandishi yeyote anayeandika elimu mpya kwa lugha ya zamani: mawe anayo mbele yake, majina yamo kwa Plinius, na lazima ayaoanishe.

Mashariki ya Dresden kuna kilima kinachoitwa Stolpen, na juu yake ngome iliyokuwa wakati huo ya maaskofu wa Meissen. Kilima chenyewe ni nguzo tupu: maelfu ya nguzo nyeusi za mawe, nyingi za pembe tano au sita, zimesimama zimebanana hata ungesema zimechongwa. Agricola aliuona weusi ule wa chuma na ugumu ule wa chuma, akakumbuka maneno ya Plinius, akaandika kwamba basaltes ndilo hili. Alisoma nakala yenye kosa, akalichukua kosa, akalifunga kwenye kilima. Jiwe lile lilikuwa lava. Kwa hiyo neno la mwamba wa mchanga na tope wa Misri, likiwa limeharibika herufi, lilifika kwenye mwamba wa volkano Ujerumani, na hapo likabaki. Kinachoifanya basalti kuitwa basalti leo ni kidole cha daktari huyo kilichoelekezwa Stolpen.

Ugumu wa jiwe hilo si maneno ya kitabu. Mwaka 1608 wachimbaji walianza kuchimba kisima ndani ya ngome, kwenye basalti tupu, na iliwachukua zaidi ya miaka ishirini kufika kina cha zaidi ya mita 80. Walikuwa wakiwasha moto chini ili mwamba upasuke kwa joto, kisha wanakwangua. Kisima hicho kipo mpaka leo, hakina ukuta wa kukizuia kwa sababu hakihitaji.   

Neno lililopotezewa wazazi wake hutafutiwa wengine, na basalti walipatikana wengi. Wako waliosema linatoka Bashani, nchi ya mfalme Ogu katika Kumbukumbu la Torati, kwa kuwa Hauran ya Syria imejaa mawe meusi ya volkano. Hao walifika hata kudai kwamba kitanda cha chuma cha Ogu kilikuwa cha jiwe hilo. Wengine walimfuata Plinius na Ethiopia yake, na kamusi kadhaa za Ulaya zikaandika kwamba basalt ni neno la Kiafrika. Kwa namna fulani zilipatia bila kukusudia, ikiwa bekhen ndiyo mzizi, ingawa hazikujua ni Afrika ipi wala jiwe lipi.

Kiingereza kililipokea kupitia vitabu. Philemon Holland alipokitafsiri kitabu cha Plinius mwaka 1601 aliandika *basaltes*, na kwa muda mrefu Waingereza waliendelea na umbo hilo la Kilatini. Mfinyanzi Josiah Wedgwood alipotengeneza vyombo vyeusi visivyotiwa mng'aro wa kioo mnamo 1768 aliviita kwa jina hilo, *black basaltes*, naye alikuwa akiuza udongo, si jiwe, akiazima heshima ya sanamu za Misri. Herufi za mwisho zikaja kukatika, likabaki basalt.

Lakini jina kuwekwa mahali pamoja si kusema watu walijua kilichopo mahali hapo. Katika karne ya 18 swali lilikuwa: je, nguzo hizi zilitoka motoni au majini? Abraham Gottlob Werner, aliyefundisha chuo cha madini cha Freiberg kuanzia 1775, siku chache za safari kutoka Stolpen, alishika kwamba ni majini. Kwenye kilima cha Scheibenberg aliona mchanga, juu yake udongo, juu yake basalti, na akaona kila tabaka linaingia kwa lenziwe polepole. Basi vyote vimetuama kutoka bahari moja ya kale. Wanafunzi walimjia kutoka Ulaya nzima, na mshairi Goethe alikuwa upande wake. Ila huko Ufaransa mtu asiyekuwa profesa, Nicolas Desmarest, mkaguzi wa viwanda wa serikali, alikuwa ameshapita milima ya Auvergne mwaka 1763. Aliona nguzo kama zile za Stolpen, akazifuata kwa miguu kupanda mlima, na mwisho wa nguzo akakuta shimo la volkano. Akachora ramani. Wenye ubishi aliwataka waende wakaone wenyewe.

Waliokwenda walibadilika. Leopold von Buch na Alexander von Humboldt, wanafunzi wa Werner mwenyewe, waliposhuhudia volkano halisi wakaliacha fundisho la mwalimu wao. Ubishi huu ulikuwa na faida moja kwa neno letu: ulilazimisha kila mtu aseme hasa ni jiwe gani analolizungumzia. Basalti haikuwa tena jiwe lolote jeusi gumu. Ilipata asili, na baadaye, kemia ilipokua, ikapata asilimia.

Wakati huo huo Mfaransa Alexandre Brongniart, mwaka 1813, alikuwa akipanga majina ya miamba. Alihitaji jina kwa mwamba mweusi wa volkano ulio karibu na basalti lakini si ule ule. Akalifufua basanites, neno sahihi la Plinius, akaliandika *basanite*. Matokeo yake ni kwamba leo kosa la mnakili na usahihi wake vyote viwili ni majina ya miamba, na si majina mawili ya mwamba mmoja bali ni miamba miwili kweli. Kwenye mchoro ambao wajiolojia wa dunia wanautumia kupanga lava, basalti na basaniti zina visanduku vyao, vimepakana. Basaniti ina silika pungufu, na sodiamu na potasiamu zaidi. Hakuna aliyekusudia jambo hili.

Mtu angeniuliza kwa nini ninayaleta haya kwa wasemaji wa Kiswahili. Sababu yangu ni Kilimanjaro. Mlima ule una volkano tatu, Shira, Mawenzi na Kibo, na lava zake zimechambuliwa maabara moja baada ya nyingine. Basaniti zimo, na lava za jamii ya basalti zimo. Mtalii anayepanda anapita juu ya mawe ambayo macho hayawezi kuyatenganisha, meusi yote, ya chembe laini yote, na kinachoyatenganisha ni asilimia chache za sodiamu na potasiamu. Kaskazini zaidi, magharibi ya ziwa Turkana, mahali paitwapo Lomekwi, watafiti walitangaza mwaka 2015 zana za mawe za miaka milioni 3.3, na baadhi yake ni za basalti. Aliyelipiga jiwe lile hakuwa na neno lolote tunaloweza kulijua, ila alijua lipi linapasuka vizuri.

Miamba iliyopewa majina baadaye katika eneo letu ilipewa kwa desturi tofauti kabisa. Mtaalamu akikuta jiwe jipya huliita kwa mahali. J. W. Gregory aliyefika mlima Kenya mwaka 1893 alitoa *kenyte*, na mwamba huo ukaja kupatikana pia Antaktika, kwenye kisiwa cha Ross. Arthur Holmes alitoa *katungite*, *mafurite* na *ugandite* kutokana na volkano za magharibi ya Uganda. Katunga na Mafuru ni majina ya mahali huko, na yamo katika kamusi za Kiingereza za miamba bila kosa la herufi. Naipenda desturi hiyo kwa uwazi wake, ingawa haina hadithi yoyote ya kusimulia jioni kama hii.

Kwa Kiswahili wengi tumeshakubali basalti, na mimi sioni haja ya kulibadilisha. Nimesikia pendekezo la kuliita jiwe jeusi la volkano. Ni maelezo mazuri lakini si jina, kwani lava za Kilimanjaro nyingi ni nyeusi na si basalti, na tutakuwa tumerudia alichofanya Plinius, kulitambua jiwe kwa rangi ya chuma. Wasiwasi wangu uko kwa wahariri wa vitabu vya shule. Mwandishi ataandika basaniti mahali ambapo anamaanisha basaniti. Mhariri, au programu ya kusahihisha tahajia, atalitazama, ataona neno asilolijua, na jirani yake analolijua lipo pale pale. Nawaomba wahariri waliomo humu ukumbini wampigie mwandishi simu kwanza.